Baa Iliyolewa Kabla ya Wateja

Mjomba,

Nimesikia mtendaji amekupa siku thelathini uunyooshe ule ukuta wa grosari. Pole sana. Ila ungekuwa huku Dudley, Uingereza, ukuta ule ungekutajirisha.

Huku kulikuwa na baa ikiitwa The Crooked House. Ilijengwa mwaka 1765, kwanza ikiwa nyumba ya shamba. Baadaye wakachimba makaa ya mawe chini yake, ardhi ikatitia, upande mmoja ukashuka karibu futi 4. Sisi tungehama. Hawa wakauzia bia humo.

Siku wenzangu wa kazini waliponipeleka niliagiza soda, nijue kama kinachonipeleka kombo ni nyumba au kinywaji. Wapi! Milango imelala, madirisha yamelala, na ukiweka gololi mezani unaiona inapanda mlima. Macho tu yanadanganywa, lakini nenda kayaeleze hayo macho. Na bia yao, mjomba, ni ile unayoiita ya moto. Nyama choma hakuna, unasindikizia krispi.

Baa za huku zinakufa polepole. Tangu 2007 sigara hazivutwi ndani, umeme ghali, na bia ya supamaketi ni nafuu, basi mtu anainywea kwake, miguu juu ya kochi. Mimi mwenyewe miaka minne sikukanyaga pale.

Julai 2023 baa ile ikauzwa. Agosti 5 usiku ikashika moto. Agosti 7 tingatinga likaangusha kilichobaki, tena bila kibali. Lo! Watu wakamiminika kwenye kifusi kama msibani, wengine wakiondoka na tofali la ukumbusho. Bibi jirani yangu alilia kabisa: alichumbiwa pale. Nikamuuliza mara ya mwisho alikwenda lini. Akafikiri. "Siku hiyohiyo."

Februari 2024 halmashauri ikaamuru ijengwe upya, iwe kama ilivyokuwa kabla ya moto. Yaani ipinde, mjomba, kwa amri ya serikali! Namwona fundi na pima maji yake, akihakikisha ukuta haujanyooka.

Ndiyo maana nakuandikia. Yule fundi aliyekujengea grosari bado yupo? Mwambie kuna kazi Ulaya. Ila usimweleze ni kazi gani. Akijua wanataka ipinde, huyo ataisimamisha wima.

Mpwa wako.