Pimeni Maji Kwanza: Waraka kwa Wakuu wa Miradi ya Samaki Kisangani

Waheshimiwa wakuu wa miradi ya ufugaji samaki, wataalamu wa kilimo na wafadhili wenu,

Tunaandika kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto. Tunawashukuru kwa vifaranga, kwa semina na kwa fulana zenye nembo ya mradi. Shukrani hizi ni za kweli. Mji wetu umekaa juu ya mto Kongo, lakini sokoni tunanunua mpiodi wa barafu waliovuliwa bahari ya Namibia, na kila bwawa linalotoa samaki ni nafuu kwa mama anayetafuta mboga ya jioni. Kwa hiyo tunawaomba mpokee neno letu kwa moyo uleule tuliopokea fulana zenu: samaki wanadhoofika mabwawani, na ripoti inaandikwa kwamba sababu haijulikani. Itajulikanaje, nanyi hamjapima maji?

Gari la mradi tunalifahamu kwa rangi na kwa mlio. Kifaa cha kupimia maji hatujakiona. Samaki wakikonda tunaambiwa tuongeze chakula. Wakiendelea kukonda tunaambiwa tuongeze samadi. Wakifa tunaletewa chokaa. Daktari anayetoa dawa bila kumgusa mgonjwa hatumwiti daktari, hata akiwa na koti jeupe.

Tuanze na udongo, kwa sababu ndio unaotengeneza maji. Mvua ya Kisangani ni takriban milimita 1,800 kwa mwaka, na karne kwa karne imeosha madini kutoka katika ardhi ya msitu. Vijito vinavyotoka msituni vina maji meusi kama chai, yenye asidi na yenye kabonati kidogo sana ya kuizuia asidi hiyo. Samaki wa bwawani hustawi pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikiwa kati ya 6.5 na 9. Ikishuka chini ya hapo hula lakini hawakui vizuri, na ikikaribia 4 hufa. Mfugaji ambaye bwawa lake lina pH ya 5 anaweza kumwaga pumba za mchele mwaka mzima na asivune cha maana. Karatasi ndogo ya kupimia pH ingemwambia hayo kabla hajanunua gunia la kwanza.

La pili ni hewa ya majini. Ninyi hututembelea saa nne asubuhi, jua limepanda, mwani wa kijani umeshaanza kutoa oksijeni, samaki wanaogelea vizuri. Mnapiga picha, mnaondoka. Njooni saa kumi na moja alfajiri. Usiku kucha mwani, samaki na samadi inayooza vimekuwa vikila oksijeni ileile, na saa hiyo ndipo inapokuwa chini kabisa, hasa baada ya siku ya mawingu. Mtawaona tilapia wamepanda juu wakihema kwa midomo. Mkiona tilapia wamekufa na ngolo (kambare) wa bwawa hilohilo wako hai, mmeshapata dalili kubwa bila maabara: ngolo ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, tilapia hana. Bwawa la namna hiyo linataka maji mapya na kupunguziwa samadi. Ninyi mliagiza iongezwe.

La tatu ni chokaa yenyewe. Chokaa ni msaada mkubwa katika ardhi yetu, hatubishi. Lakini bwawa lililojaa samadi na mabaki ya chakula lina amonia nyingi. Maji yakiwa na asidi, sehemu kubwa ya amonia hiyo hukaa katika hali isiyodhuru sana. Mkimwaga chokaa kali iliyochomwa, pH hupanda ghafla na amonia hugeuka sumu samaki wakiwa ndani. Chokaa hutiwa bwawa likiwa tupu, au kidogo kidogo baada ya kupima. Kuigawa kwa magunia sawasawa kwa kila mfugaji ni haki machoni pa mhasibu, lakini kwa baadhi ya mabwawa ni hukumu ya kifo.

La nne liko juu ya kijito. Mama zetu huloweka mihogo ya chikwangue katika vijito hivyohivyo, na mihogo inayochachuka hutoa sayanidi na kula oksijeni. Kuna pia wavuvi wanaoponda utupa, mmea wa sumu ya samaki, na kuumwaga majini. Samaki wa kila aina wakifa pamoja kwa siku moja, msichunguze chakula: pandeni juu ya kijito, muulize kwa adabu.

Na wakati mwingine maji hayana kosa lolote. Tilapia huanza kuzaa wakiwa wadogo sana, wakiwa na miezi michache tu. Bwawa likijaa watoto, wote hubaki wafupi kama kidole. Hapo kinachotakiwa ni kuvua, kuhesabu na kupunguza, si dawa.

Sababu hizi zote hutenganishwa kwa kupima, na wako wanaolijua hilo: watu wa Ulaya na nchi za Ghuba wanaofuga matumbawe nyumbani, katika matangi ya kioo yenye maji ya bahari. Tumbawe likianza kufifia bila sababu inayoonekana, mfugaji makini hapimi joto tu. Hupima chumvi, inayotakiwa kuwa karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kisha kalsiamu, kisha kabonati, ileile inayopungua katika vijito vyetu. Hukagua hata kipimo chenyewe, asije akadanganywa nacho. Hubadilisha jambo moja, husubiri, huandika. Hata katika bahari ya Afrika Mashariki, matumbawe yalipopauka na kufa kwa wingi mwaka 1998, joto la maji lilitajwa kuwa chanzo kwa sababu lilikuwa limepimwa. Mfugaji wa matumbawe anafuga kwa kupendezesha sebule, sisi tunafuga kwa kulipa ada ya shule. Haiwezekani pambo la sebuleni lipimwe kwa bidii kuliko chakula cha watoto wa Lubunga na Mangobo.

Basi tunaomba hivi. Kila kikundi kipewe karatasi za pH, kipimajoto na daftari, kabla ya kifaranga kimoja kuletwa. Kila mfugaji afundishwe kuzamisha kifuniko cheupe cha sufuria: kikipotea machoni kabla ya sentimita 20 na maji ni ya kijani, asitie samadi tena. Kila mtaalamu alale kijijini walau usiku mmoja, aone alfajiri ya bwawa. Na sehemu ya bajeti ya semina ipelekwe kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani na wa chuo cha kilimo cha IFA Yangambi, waje wapime oksijeni na amonia kwa vifaa, kisha majibu wampe mfugaji kwanza, ndipo mfadhili.

Waheshimiwa, hatuombi fedha zaidi. Tunaomba zilizopo zianze kwenye maji. Mradi utakaoandika tena kwamba sababu haijulikani, uambatanishe vipimo vyake. Usipokuwa navyo, uandike ukweli kwamba haukuitafuta.

Wenu katika kazi,
Mfugaji wa samaki, Lubunga, Kisangani