Ndoo ya Kujifungulia

Nyumba yetu ya Mbagala ina vyumba vitatu, mita moja ya LUKU ya kugombaniwa, na wakazi ambao idadi yao hupanda na kushuka kufuatana na bei ya korosho kule kusini. Ndiyo maana mimba yangu ya pili ilipoanza kuonekana, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa ndoo. Lita 20, ya buluu, yenye mfuniko wa kubana. Niliipandisha juu ya kabati la nguo, nikawaita wote sebuleni, nikasema: hii ni ndoo ya kujifungulia, na atakayeigusa tutajuana.

Mwenye bima huenda hospitali na kadi. Sisi hatuna. Baba Nasra ni fundi friji, hana mwajiri wa kumkata mshahara. Mimi nauza vitumbua asubuhi pale kituoni. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza na watumishi wa Serikali, na watu wa vitumbua wakabaki nje kwa muda mrefu. Vifurushi vya kila mtu vilipokuja mwaka 2019, Najali, Wekeza na Timiza, Baba Nasra alileta kipeperushi nyumbani tukakisoma vizuri, mume na mke, hadi kwenye bei. Kesho yake nilikifungia vitumbua.

Tumbo lilipokua alipita wakala wa bima binafsi, kijana nadhifu, begi jeusi. Nikamuuliza uzazi umo?

"Umo, mama. Ila una kipindi cha kusubiri."

"Kirefu kiasi gani?"

Akanitazama tumboni, akafunga begi lake taratibu, akaomba maji ya kunywa.

Mama mkwe, aliyekuwa bado Kilwa, akaona hapo ndipo pa kuonyesha ubora wake. Yeye alikuwa na CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii: wakati huo Sh30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Akapiga simu: nirudi Kilwa nikajifungulie kwa kadi yake. Nikamkumbusha kwamba watu sita wameshatimia, yeye, baba mkwe na wajukuu wanne.

"Mmoja tutamtoa," akasema. Nyuma yake nikamsikia baba mkwe akikohoa.

Basi nikaanza kliniki ya Serikali. Sera inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipi katika vituo vya umma, na sitaki kusema uongo: kadi, vidonge vya damu, sindano ya pepopunda, dawa ya kuzuia malaria, hata chandarua, vyote nilivipata bila kutoa shilingi. Gharama huja kwa mlango wa uani. Kipimo fulani, "vitendanishi vimeisha, kapime nje." Utrasaundi, nje. Nauli ni yako, na asubuhi ya kliniki ni asubuhi ambayo vitumbua havikuuzwa. Halafu kuna suala la mwenza. Ukienda na mume hutangulizwa kwenye foleni, mpimwe pamoja, na wanaume wa mjini wanajulikana. Kuna vijana wa bodaboda wanaokodishwa kuwa waume wa nusu saa. Jirani yangu alimkodisha mmoja, nesi akamwambia kijana: "Wewe baba, hongera, huyu ni mke wako wa ngapi mwezi huu?" Baba Nasra alikuja mwenyewe, nampa haki yake, ingawa alikuja na mafuta ya kompresa mpaka kwenye kiwiko, akatumia muda wote kusikiliza mngurumo wa friji ya chanjo na kutikisa kichwa.

Siku hiyo nesi alinitajia orodha. Glovu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika, mabomba ya sindano, khanga safi. "Vya kwetu vikiwapo tutatumia," akasema. "Visipokuwapo, usinitazame mimi."

Nikaijaza ndoo kwa faida ya vitumbua. Leo glovu, wiki ijayo pamba. Kila kitu nilikiandika kwenye daftari langu la madeni, ukurasa wa nyuma, na bei yake. Ikatimia. Nikabana mfuniko, nikalala usingizi wa mtu mwenye akiba.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba katika nyumba ya vyumba vitatu, kitu kilichokamilika ni duka. Wifi yangu alichukua glovu akapakia piko nywele zake, harusi ya rafiki yake ilikuwa Jumamosi. Baba Nasra alichomoa wembe wa kumenyea waya, akisema ataurudisha, na nadhani aliamini. Mama mkwe, ambaye sasa alikuwa amewasili na gunia la nazi ili kusimamia uzazi, alizitoa khanga zote mbili zikaenda msibani kwa jirani. Nilipouliza, alinijibu bila kuacha kukuna nazi: "Msiba hausubiri, mwanangu. Mimba ina tarehe."

Kibanio cha kitovu nilikikuta mwenyewe. Nasra, miaka mitano, alikuwa amemlaza mwanasesere wake juu ya kopo la maziwa, amemfunika kitambaa, na kwenye tumbo la mwanasesere mwingine, mdogo zaidi, kibanio changu kipya kimebana uzi mwekundu. "Usipige kelele, mama," akaniambia. "Kazaa sasa hivi." Nikamwachia. Nilijua bado nina wiki kadhaa, na pia nina mchezo.

Mchezo ni wa wanawake wa kituoni: muuza dagaa, muuza maandazi, wawili wa mboga, na kijumbe wetu, mama wa makamo ambaye hukusanya hela kila jioni na hajawahi kukosea hata mia. Zamu yangu ya kupokea niliipanga iangukie mwezi wa tisa. Nilihesabu kwa vidole, kijumbe akahesabu kwa daftari, tukakubaliana. Mtoto naye hakushirikishwa, akatangulia zamu.

Chupa ilipasuka usiku wa mvua, saa saba kasoro. Wifi akaita bajaji. Mama mkwe akaamuru tusiende hospitali ya Serikali tuliyopangiwa, kwa maji yale ya barabarani tungefika na mtoto wa darasa la kwanza. Tuingie kituo binafsi kilicho karibu. Baba Nasra akanyanyua ndoo kutoka kwenye kabati, akashangaa uzito wake, akasema, "Afadhali ulijiandaa." Hata mimi nilifarijika, mpaka tulipofika leba na nesi akafungua mfuniko.

Harufu ya iliki ikajaa chumba. Ndani mlikuwa na upawa, sahani mbili za plastiki, glovu moja ya mkono wa kushoto yenye doa jeusi la piko, kipande cha mpira, na kijinguo cha mwanasesere. Baadaye nilielezwa kwamba ndoo ilikopwa siku mbili kwa ajili ya pilau la kisomo, na kwa heshima ikarudishwa mahali pake. Nesi aliushika upawa, akaugeuza kwenye taa.

"Mama, hapa tunazaa au tunapakua?"

Ya nje ya chumba nilisimuliwa na wifi, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi, huimwaga. Dirisha la malipo lilitaka Sh150,000 za kuanzia, na vifaa vyote vitoke duka lao la dawa. Baba Nasra alikuwa na elfu thelathini na kitu. Akaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: mama Nasra yuko leba, tunaomba msaada, namba yangu ni ileile. Saa nane usiku, nani yuko macho? Mjomba wake wa Morogoro, mlinzi wa ghala. Kwa dakika chache simu ikalia: umepokea Sh100,000. Baba Nasra alipiga ukelele wa furaha, watu wakageuka. Kabla hajafika dirishani, ukaingia ujumbe wa pili. Miezi miwili nyuma alikuwa amechukua mkopo wa simu wa kununulia gesi ya friji ya mteja, mteja akahama na friji, deni likabaki na kuzaa. Mikopo ile hujilipa yenyewe, hela yoyote ikigusa laini. Salio: Sh0. Deni lililobaki: Sh63,000.

Alisimama akiisoma simu kwa sauti ndogo. Wakati anasoma, shangazi wa Tanga akatuma hamsini, nazo zikapita njia ileile.

"Waambie wasitume tena!" wifi akapiga kelele.

Wakahamia kwa mama mkwe. Laini yake ilikuwa safi, haijawahi kukopa chochote. Shida ilikuwa namba ya siri, ambayo anaijua mjukuu wake wa darasa la sita aliyelala Kilwa, kwenye nyumba ambayo simu pekee ni ya baba mkwe, na baba mkwe huzima simu ikifika saa mbili kulinda chaji. Mama mkwe alijaribu mwaka aliozaliwa, au anaodhani alizaliwa. Haukukubali. Akajaribu mwaka wa Uhuru. Haukukubali. Wifi akamnyang'anya simu kabla laini haijafungwa. Laini ya wifi mwenyewe? Alisema haina usajili mzuri, na kwa jinsi alivyosema, hakuna aliyeuliza zaidi.

Hapo ndipo kijana wa bajaji, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu tushuke akidai nauli yake ya Sh5,000, alipokohoa. "Mnaweza kuweka kwangu. Mimi sidaiwi."

Baba Nasra akaandika kwenye kundi: msitume tena kwangu, ile hela tumeni kwenye namba hii, jina litakuja tofauti.

Kundi likanyamaza. Halafu likaamka lote. Tanzania nzima inaujua ujumbe huo. Hakuna mtu ambaye hajaletewa na tapeli. Shemeji wa Dodoma aliandika, "Simu ya kaka imeibwa." Shangazi wa Tanga, ambaye tayari hamsini zake zilikuwa zimeyeyuka, akamlaani mwizi kwa aya tatu ndefu. Binamu mmoja akamtoa Baba Nasra kwenye kundi. Ilibidi mama mkwe arekodi sauti, akajieleza, wakasema siku hizi hata sauti zinaigwa. Shangazi akataka swali la uhakika: nani alianguka kisimani mwaka wa njaa? Mama mkwe, ambaye jambo hilo aliapa kutolitamka tena maishani, akavuta pumzi mbele ya mhasibu, mlinzi na wagonjwa wawili wa malaria, akasema kwa sauti: "Ni mimi. Na aliyenisukuma unamjua."

Hela zikaanza kuingia kwa kijana wa bajaji. Alikuwa akitaja kila jina kwa adabu, kama mshenga.

Mimi sikuyajua hayo. Nesi, kwa heshima yake, hakungoja dirisha. Alivunja pakiti ya glovu, akasema tutaandika baadaye, na saa tisa na nusu nikapata mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, mwenye sauti ya kudai haki. Stakabadhi ya malipo ya kuanzia ilitoka dakika ishirini baadaye. Kijana wa bajaji alikata nauli yake tu, akarudisha mia tano ya chenji, akampongeza Baba Nasra na kuondoka. Jina lake tunalijua kutokana na ujumbe wa miamala.

Asubuhi ikaja bili kamili. Kila nilichokuwa nimekinunua kwa vitumbua nilikinunua tena, kwa bei ya dukani kwao. Tulipungukiwa Sh120,000, na kutoka hakukuwa na mazungumzo mpaka ikamilike. Baba Nasra akajitolea kuwatengenezea friji. Mhasibu akasema friji zao ni nzima. Akaomba azikague tu. Mhasibu akamwomba akae.

Saa sita mchana akaingia kijumbe. Alikuwa amekuta kituoni meza yangu haipo, akauliza, akajua. Wanawake wa mchezo walikuwa wamekubaliana hapohapo, muuza dagaa akiwa amenipisha kwenye zamu yake. Alifungua mfuko wa nailoni juu ya meza ya malipo, akatoa noti za buku buku na za buku mbili zilizokunjwa kwenye mipira, na sarafu kwenye kikopo cha bluband. Mhasibu alizihesabu kwa ncha za vidole, zilikuwa na harufu ya dagaa. Zilitimia, na zikabaki elfu tisa. Kijumbe akanipa hizo zilizobaki, akaniandikia kwenye daftari tarehe nitakazorudisha, akamtazama mtoto, akasema anafanana na baba yake lakini atapona.

Arobaini yangu sitaieleza sana. Mama mkwe alishika jiko: uji wa pilipili manga, supu ya pweza, maji ya moto ya kukandwa mpaka nikaona nyota. Kwenye daftari, pweza peke yake alikaribia bili ya leba. Jina la mtoto liligombaniwa na kila aliyechangia, na aliyetuma Sh5,000 ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Baba Nasra sasa hufuatilia redioni habari za bima ya afya kwa wote, sheria ambayo Bunge liliipitisha Novemba 2023, na kila tangazo huongeza sauti.

Wiki iliyopita bodaboda alileta bahasha kutoka Morogoro. Binti ya mjomba anaolewa. Ndani kulikuwa na kadi ya mchango, na mahali pa kiasi, ambapo huachwa wazi mtu ajaze mwenyewe, palikuwa pameshajazwa kwa kalamu: Sh200,000.

Baba Nasra akapiga simu, akaweka sauti kubwa ili nisikie anavyojitetea. "Mjomba, lakini ile ya kwako hatukuitumia. Iliingia tu ikachukuliwa na deni."

"Mjomba," upande wa pili ukajibu, kwa upole wa mlinzi aliyezoea kukaa macho, "ilifika kwenye simu yako, haikufika?"

"Ilifika, mjomba."

"Basi. Namba ya mweka hazina ipo chini ya kadi."