Nani Alimwosha?

Shangazi yangu wa Ngamiani ni mwosha maiti, na kazi hiyo ndiyo iliyomharibia tamthilia zote. Wenzake wakimwona marehemu karudi kwenye runinga hupiga kelele, "Ala! Kumbe hajafa!" Yeye huuliza swali moja tu: "Kwani nani alimwosha?"

Yalianzia kwenye Isidingo, enzi zile ITV inatuonyesha. Tamthilia ya Afrika Kusini, ilianza kwao mwaka 1998, habari za watu wa mgodi wa dhahabu wa Horizon Deep. Jioni sebule ilifurika, baiskeli zimeegemezwa ukuta mzima nje, waliokosa mkeka wanatazamia dirishani. Wazee walikuwa na Papa G wao, vijana na Lee wao, na sote kwa umoja wetu tulimchukia Barker Haines kwa raha zetu. Ila mwenye kiti hasa alikuwa Cherel. Mama yule, ukijidanganya umemalizana naye, utamkuta mlangoni, nywele zimetengenezwa, anatabasamu kama mtu anayekudai. Shangazi alimsamehe njama zote. Kurudi bila maelezo ya kueleweka, hilo hakusamehe.

Kisha binamu yangu, aliyewahi kuishi Mombasa, akatuletea habari za The Bold and the Beautiful ya Wamarekani. Humo Taylor alipigwa risasi na Sheila mwaka 2002, akafa, akalazwa kwenye jeneza, watu wakalia hasa. Mwaka 2005 huyo, amerudi mzima! Eti aliyekuwa jenezani ni sanamu la nta. Mwenyewe alitoroshwa na mwana wa mfalme wa Morocco.

Shangazi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasimamisha mkono.

"Nta?"

"Nta, Shangazi."

"Likamwagiwa maji ya uvuguvugu, likatiwa karafuu maiti, likavikwa sanda, na mwoshaji asijue?"

Binamu akajitetea kwamba kule hawaoshi hivyo, wanawavalisha nguo nzuri na kuwapaka poda.

"Basi ndiyo maana wanarudi," akasema Shangazi, akaendelea na nazi yake.

Tangu siku hiyo akawa na kanuni yake, na nakiri haijawahi kumwangusha. Mwigizaji akigombania mkataba au akipata kazi kwingine, waandishi humtupa baharini au humpandisha ndege ikaanguka, lakini maiti hawaionyeshi, ili siku wakipatana naye pawe na pa kumpitishia. Kwa hiyo Shangazi akiona gari linaungua, jeneza limefungwa, haweki hata mkono shavuni. Steven Kanumba, tuliyemjua tangu Kaole humo humo ITV, alipofariki Aprili 2012, majirani walikuja wakinong'ona kwamba labda ni filamu. Shangazi alizima runinga. "Huyu ameoshwa," alisema, na siku ile hatukutazama kitu.

Sasa, tulikuwa na ami yetu aliyekwenda Mererani kuchimba tanzanite, akakatika. Barua hakuna, simu hakuna. Ndugu wakataka kumsomea hitma. Shangazi, dada yake, akakataa katakata: "Mie sijamwosha."

Jioni moja Isidingo imenoga, Cherel ndio kwanza anasukuma mlango arejee kwa mara nyingine, tukasikia hodi.

"Karibu, kaa, usizibe," akajibiwa na watu wengi kwa pamoja.

Mtu yule hakukaa. Akasimama na kibegi chake katikati ya sebule, anangoja kulakiwa.

"We kijana, sogea bwana! Huoni watu wanatazama?"

Akasogea. Matangazo yalipoingia ndipo Shangazi alipogeuka, akamkazia macho, mara akamshika masikio yote mawili.

"Ulikuwa wapi?"

"Dada, ni hadithi ndefu..."

"Fupisha. Likishapita la sabuni linakuja la simu, halafu wanarudi."

Maskini ami wa watu! Miaka yote ile ya mashimo, madeni na mke wa Babati aliibana kati ya sabuni na simu. Muda wote huo wali wa nazi ulikuwa jikoni unaungua, na kila mmoja anaisikia harufu na kudhani mwenzake atanyanyuka. Tulikula ukoko mweusi na samaki. Ami akasema ndicho chakula alichokitamani huko kote.

Asubuhi wageni wakamiminika, nusu kuja kumwona ami, nusu walikosa Isidingo wanataka kusikia Cherel karudije. Shangazi akawahudumia wote kwa pumzi moja, bila kutaja majina. Jirani mmoja aliondoka na habari kwamba ami amerudi na njama ya kuunyakua mgodi wa dhahabu na tayari amewageuka watu wawili huko Babati. Mama huyo mpaka leo, ami akipita na baiskeli yake, huikumbatia pochi.