Siwatu, Njoo Ule!

Karani wa mapokezi akiita "Shida!" kwenye ukumbi uliojaa wagonjwa, nusu ya ukumbi huinua vichwa, maana kila mmoja ana yake. Mwenye jina huinuka akitabasamu kwa uchovu. Utani huo aliuzoea kabla hajang'oka jino la kwanza. Nasi bado tunayasifu majina ya kizamani kwamba yana maana. Yanayo, tatizo ni kwamba mara nyingi maana hiyo haimhusu mtoto. Simsemi Jumanne, wala Kulwa na Doto waliotajwa kwa foleni ya kutoka tumboni. Mtazame Siwatu. Ana siku saba, hajamkosea mtu, na tayari ni hukumu: wapo mtaani, pengine mawifi, ambao si watu. Ufundi wake unastaajabisha. Mama akisimama uani kumtukana wifi, wazee wataitwa. Ila nani atamkataza kumwita mwanawe? "Siwatu, njoo ule! Siwatu, acha moto!" Tusi linaruka ua asubuhi, mchana na jioni, miaka nenda rudi, na atakayeuliza anasemwa nani atakuwa amejitaja mwenyewe. Jirani naye akijifungua, hujibu kwa Semeni, yaani semeni mchoke. Ni kazi ileile ya jina la kanga, ila kanga huvuliwa.

Mtaniambia jina baya lilikuwa kinga: waliozika watoto walimpa anayefuata jina la kudharaulika ili kifo kimpite. Hapo sicheki, wazazi wale hawakuwa na chanjo. Lakini hatari hupita, jina hubaki. Na mengine hayakumkinga yeyote: Siwatu alikingwa na nini, zaidi ya kupendwa na shangazi zake? Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880 akaitwa Mtumwa, katika Unguja ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Usiti aliupata ukubwani, mjini. Wangapi wana koo lile?

Mtasema pia heri Shida kuliko Brayton asiyejua jina lake lina maana gani. Labda, ila Brayton hakurithi ugomvi wa mtu. Shida akitaka kuacha kuwa shida, atalipia mwenyewe kiapo na hati ya kubadili jina, kisha ahangaike na vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Waliogombana hawamchangii hata nauli.