Misingi ya Kashalojia ya Nje: Mhadhara wa Kwanza

Mwanafunzi, kaa vizuri, zima simu, shika kalamu. Leo tunaingia katika Kashalojia ya Nje, taaluma inayochunguza uchakavu na ufufuaji wa upande wa nje wa makasha ya ala za muziki. Usiichanganye na Kashalojia ya Ndani, ambayo hushughulika na mahameli, na ambayo wafuasi wake hatusalimiani nao. Ala yenyewe haimo katika mtaala.

Uzito wa somo hili hauhitaji ushahidi, lakini nitautoa. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Wanahistoria wametuandikia nani alipiga nini, na mbele ya nani. Ala hizo zilivuka bahari ndani ya nini? Kimya. Pengo hilo ndilo wewe nami tumezaliwa kuliziba.

1. Fasili

Uchakavu ni hali ya kasha kutendeka bila mtendaji. Sikiliza sarufi: limekwaruzika, limechubuka, limebanduka. Uliza ukumbi mzima wa taarab ni nani aliyelikwaruza, hutapewa jina. Hali hii naiita utendekaji-yatima.

2. Aina za uchakavu

(a) Mchubuko-kwapa. Hutokea ubavuni, pale kasha la udi linapobanwa na mwili wa mbebaji. Umbo lake ni la yai: la kuku kwa mpigaji mwembamba, la bata kwa mpigaji aliyejaaliwa.

(b) Mviringo-kikombe. Ni alama ya kikombe cha chai juu ya kifuniko, maana wakati wa mazoezi kasha ni meza. Hugawanyika mara mbili: mviringo-sukari, unaonata na kuita sisimizi, na mviringo-mkavu, wa wapigaji walioonywa na daktari.

(c) Kutu-pwani. Chumvi ya bahari hula bawaba na vifungio. Bawaba ya chuma hutoa wekundu. Ya shaba hutoa ukijani. Mwanafunzi atakayeuita ukijani kutu atarudia mwaka.

(d) Kuvu-masika. Huota kati ya Machi na Mei, kasha likisukumwa mvunguni na kusahauliwa. Doa lisilozidi punje ya mtama ni kijikuvu; likizidi ni jikuvu. Lililo sawasawa na punje ya mtama nimeliachia kizazi kijacho cha watafiti.

3. Ufufuaji

Kuvu ifute kwa kitambaa chenye siki, kisha lianike kasha kivulini, kwani jua kali hulegeza gundi. Kutu iondoe kwa msasa laini, umalizie kwa tone la mafuta. Ngozi bandia iliyobanduka ipake gundi ya fundi viatu, na mbao uipake vilevile. Ngoja hadi kidole kiguse bila kunata, ndipo ubandike, ukikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kungoja huko ndiko subira-gundi, na wengi huufeli mtihani huu: hubandika mapema, kasha likaota malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya.

4. Mgogoro wa vibandiko

Je, kibandiko cha uwanja wa ndege kiondolewe? Wabanduzi wanasema ni uchafu. Wahifadhi wanasema ni wasifu wa kasha. Mimi ndiye mwasisi, na hadi sasa mwanachama, wa Mkondo wa Tatu: kibandiko kibanduliwe, kisafishwe, kirudishwe palepale.

5. Hitimisho

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakufikiria kitu kizuri ambacho kazi yake ni kutembezwa. Mwezi uliopita nilimkabidhi mpiga udi mmoja kasha lake baada ya siku 17 za kazi. Bawaba ziling'aa, mchubuko-kwapa ulikuwa umezikwa chini ya ngozi mpya, kibandiko cha safari yake kilikuwa palepale. Alilizungusha mara mbili, akatabasamu, akalifungua. Mlikuwa na mahameli na hewa.

"Maalim," akauliza, "udi wangu uko wapi?"

Nikamjibu kwa upole kwamba hilo ni swali la Kashalojia ya Ndani.