Vijana wa Kupanga Wamo?

Kampuni za kukodisha seva zina haraka ya ajabu: hujasema hata unauza nini, zinakuuliza unataka RAM kiasi gani. Anayeanza hujibu kwa kuchagua kifurushi cha katikati, kwa kuwa ndicho kilichobandikwa nyota.

Shangazi yangu, mkodishaji wa maturubai, viti na masufuria ya shughuli, alitaka tovuti. Katika ukoo wetu anayejua kuwasha kompyuta huhesabiwa injinia, basi kazi ikaniangukia.

Wazo la bure lilikufa mapema: laptopu yangu ya zamani iwe seva, ikae nyuma ya televisheni. Intaneti ya laini ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo mtu wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja. Na hata angeweza, LUKU ikikata, tovuti ya shangazi inazimika pamoja na taa ya choo.

Ikaja VPS: seva kubwa inagawanywa kwa programu, unapewa kipande chako ukitawale mwenyewe. Dola 5 kwa mwezi, iko Frankfurt. Nikalipia. Ikafunguka skrini nyeusi. Shangazi akavaa miwani.

"Maturubai yangu yako wapi?"

"Bado, Shangazi."

"Na haya yanayopita?"

Ilikuwa mistari ya kumbukumbu za seva: fulani anajaribu kuingia kwa jina la "root", nywila si sahihi, "admin", si sahihi, "root" tena. Ni roboti zinazozurura mtandaoni usiku na mchana zikijaribu kila mlango. Seva ilikuwa bado changa, zimeshaigundua.

"Kumbe wateja wameshaanza!" akashangilia. "Wafungulie upesi, wasije wakaenda kwa wengine."

Nikamweleza kwamba hao ni wezi, na kwamba kuwazuia, kusasisha programu na kutunza nakala ni juu yangu. Akavua miwani.

"Yaani hao wa Frankfurt wameshusha viti wakaondoka. Vijana wa kupanga hawamo?"

Hawamo. Katika matangazo yote niliyosoma, hakuna lililoeleza vizuri namna hiyo kwa nini VPS ni ya bei rahisi.

Tukahamia seva ya kuchangia, ambako tovuti nyingi hukaa pamoja na mafundi wa kampuni ndio wanaohangaika na mitambo. Shangazi akasoma masharti kwa kidole: mwaka wa kwanza bei ya kutupa, wa pili mara tatu; "bila kikomo", halafu chini kikomo chenyewe. Hakushangaa. Yeye pia huandika "usafiri bure".

Ulaya au hapa? Nikamkumbusha Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini intaneti ikasuasua. Akasema tuchukue ya hapa nchini, ila kwanza nimpe namba za kampuni zote nilizoorodhesha.

Akasubiri saa tano usiku, Jumamosi, ndipo akapiga. Ya kwanza, kimya. Ya pili, muziki mpaka salio likalalamika. Ya tatu akapokea kijana mwenye sauti ya usingizi.

"Shikamoo mama, nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Nilitaka kujua kama mnapokea." Akakata, akanigeukia. "Lipia hawa."

"Hatujauliza RAM, Shangazi."

"Utamuuliza kesho. Mwache alale."