Babu aliyenyongwa hakosi wajukuu

Kuanzia Bwera hadi Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, mtu wa kudai undugu na Nyamutswa, Tibamwenda au Kapolya hakosekani. Hao ni Wakonzo walionyongwa na serikali ya kikoloni mwaka 1921 kwa kuuasi ufalme wa Toro, uliotegemea nguvu ya Waingereza. Mjukuu wa mkusanya kodi wa Toro ndiye adimu. Yaonekana wakusanya kodi wote walikufa tasa.

Kwa mtafiti wa ukoo, babu mwenye kashfa ni bahati. Mkoloni hakupoteza karatasi kwa mtu mtulivu: aliyelima muhogo wake na kulala mapema amebaki mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo, Petero fulani, wino umefifia. Mkorofi ndiye aliyefunguliwa jalada. Utasema jalada liliandikwa na adui. Kweli, na lawama zake zipimwe. Lakini adui hakuwa na haja ya kughushi tarehe, ilhali wazee wetu, pombe ya ndizi ikishakolea, humpandisha marehemu cheo kila msiba. Wengine watalalamika kwamba huku ni kufukua makaburi. Isaya Mukirane hakujali: miaka ya 1950 yeye na wenzake waliunda chama cha kutafiti historia ya Wakonzo, mwaka 1962 wakatangaza eneo lao, Rwenzururu, kujitenga na Toro, na mtafiti mwenyewe akaishia kuwa mfalme. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo mwaka 2009, mwanawe akiwa kitini.